Tikitimaji Ofisini

Kuna ugonjwa umeingia katika makampuni makubwa, nao una dalili moja isiyokosea: kila miradi inapokwama, wakubwa huitana na kununua programu mpya ya kompyuta. Ile ya zamani hutupiwa lawama zote, mithili ya mke mkubwa siku ya harusi ya mke mdogo. Mpya huingia kwa shangwe na semina hotelini, watu hugawiwa kalamu na mikoba, na baada ya mwaka mmoja na nusu nayo huanza kusemwa kuwa haifai, haikidhi haja, ina mipaka. Ndipo safari ya sokoni huanza upya.

Nimeyaona haya zaidi ya mara moja katika kampuni moja kubwa niliyoitumikia kwa miaka mingi katika idara ya mipango. Jina lake nalihifadhi, maana siandiki kumwaibisha mtu. Na isitoshe, msomaji yeyote aliyewahi kuajiriwa mahali penye watu elfu na zaidi atadhani naisema kampuni yake. Ninalotaka kusema ni hili: programu hizo zina mipaka kweli, tena mikubwa, nami nitaitaja bila kuificha. Lakini mipaka hiyo haivukwi kwa kununua. Huvukwa kwa watu kukubali kusema kweli, kuchagua, na kuacha. Mambo hayo matatu hayauzwi dukani.

Tuanze na chenyewe. Mradi mmoja una mwanzo, mwisho, bajeti na msimamizi. Kampuni kubwa haina mradi mmoja. Ina themanini, mia, pengine mia mbili kwa wakati mmoja. Ghala linajengwa Mwanza, mitambo inabadilishwa Tanga, mfumo wa mishahara unahamishwa, bidhaa mpya inajaribiwa. Yote inagombea fedha zile zile, wahandisi wale wale, na sikio la mkurugenzi yule yule. Kuitazama yote kwa pamoja na kuamua upi utangulie, upi ungoje na upi ufe, ndiyo kazi ambayo wenzetu wa Ulaya na Marekani huifananisha na mkoba: hati zote za mali yako zikiwa ndani ya mkoba mmoja. Programu ninazozisema zimetengenezwa kwa ajili ya mkoba huo.

Jina lenyewe lina mtego ndani yake. Fikra ya mkoba ilitoka kwa watu wa hisa. Mwaka 1952 Harry Markowitz alionyesha kwamba hisa isipimwe peke yake bali pamoja na wenzake mkobani, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990. Mwaka 1981 F. Warren McFarlan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliipeleka fikra hiyo kwenye miradi ya kompyuta: kampuni isipime hatari ya mradi mmoja mmoja tu, ipime hatari ya yote kwa jumla. Fikra ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini hisa ukiichoka asubuhi unaweza kuiuza kabla ya chakula cha mchana, ambapo nusu ya daraja haina mnunuzi. Tena hisa hazigombei fundi. Hisa ya kiwanda cha saruji haichelewi kwa sababu hisa ya benki imemchukua mchoraji wake. Miradi ndivyo ilivyo. Anayesahau tofauti hiyo hukaa mbele ya kioo cha kompyuta akidhani anasimamia mkoba, kumbe anasimamia kijiji kizima chenye ukoo, madeni na ugomvi wa mipaka ya mashamba.

Sasa mipaka ya programu. Wa kwanza ni hesabu ya watu. Programu humjua mtu kama saa 40 za juma. Ukimgawa mhandisi wa umeme asilimia 20 kwa kila mmoja wa miradi mitano, programu huridhika kabisa. Jumla ni mia, hakuna kosa. Lakini muulize mhandisi mwenyewe. Jumatatu yuko Tanga, Jumanne ameitwa kikaoni Dar es Salaam, Jumatano simu za Mwanza zinamtoa kwenye mchoro aliouanza Jumatatu. Kila anaporudi kwenye kazi hana budi kujikumbusha alipoishia, na saa hizo za kujikumbusha hazina safu katika jedwali lolote. Mshika mawili moja humponyoka, walisema wahenga, nao hawakumwazia mshika matano.

Wa pili ni alama. Programu hupanga miradi kwa kuipa alama: faida itakayoleta, hatari yake, na jinsi inavyoafiki malengo ya kampuni. Mwaka wa kwanza alama hizo husema kitu. Mwaka wa pili wenye miradi wamekwisha kuujua mtihani. Wanajua ni neno gani likiandikwa mahali gani huleta alama 10, na basi kila mradi unakuwa wa lazima, hata ule wa kupaka rangi ukuta wa kantini. Mashindano ambayo wakimbiaji wote wamekuwa wa kwanza hayakumwambia mtu ni nani mwenye mbio.

Wa tatu ni mafungamano. Programu huuona kila mradi kama kisanduku chenye kifuniko chake, na kamba zinazofunga kisanduku hiki na kile huwekwa na binadamu, kama atakumbuka. London walijenga reli iliyojulikana kama Crossrail, ambayo sasa huitwa Elizabeth line. Ilikuwa na mikataba mikubwa zaidi ya 30. Ilitakiwa ifunguliwe Desemba 2018. Tarehe 31 Agosti 2018, zikiwa zimebaki kama siku mia moja tu, ndipo umma ulipoambiwa kuwa haiwezekani. Abiria walipanda tarehe 24 Mei 2022. Mahandaki yalikuwa yamekwisha kuchimbwa zamani. Kilichowashinda kwa miaka hiyo yote ni kuunganisha: vituo, treni na mitambo ya ishara, kazi za mikono mbalimbali zilizopaswa kukutana mahali pamoja. Wala watu wale hawakukosa kompyuta.

Wa nne ndio mkubwa, nao ndio ulioipa insha hii jina. Ni rangi. Programu zote hizi hutoa ubao wa rangi kwa wakubwa: kijani maana yake salama, manjano tahadhari, nyekundu hatari. Nani huchagua rangi? Huyo huyo atakayeulizwa ikiwa nyekundu. Ndipo huzaliwa kile ambacho watu wa kazi hii hukiita tikitimaji: nje kijani kibichi, na ukipasua ndani ni nyekundu tupu.

Msidhani ni dhihaka tu ya wapangaji. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilifungua ubao wa wazi katika intaneti, ulioonyesha miradi mikubwa ya kompyuta ya wizara zake na kiasi cha hatari cha kila mmoja. Mwaka 2016 wakaguzi wa Bunge lao, GAO, walichukua miradi 95 wakaipima upya wenyewe. Katika 22 walikubaliana na wizara. Katika 13 wakaona hatari ni ndogo kuliko ilivyoandikwa. Katika 60 wakaona hatari ni kubwa kuliko ilivyoandikwa. Sitini katika tisini na tano! Huko Uingereza nako, mwaka 2013, wakaguzi wa hesabu za serikali walipoutazama mradi wa kuunganisha misaada ya wasiojiweza, Universal Credit, walikuta desturi ya kupeleka juu habari njema tupu. Hizo ni serikali zenye fedha, wataalamu na mitambo. Ubao ulikuwepo, kilichokosekana ni ulimi.

Jambo hili lina umri mrefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1958 Jeshi la Majini la Marekani, likiwa katika kazi ya kombora la Polaris, lilileta njia mpya ya kupanga na kukadiria muda iitwayo PERT. Julai 1960 kombora lilirushwa kutoka ndani ya nyambizi iliyozama, na dunia nzima ikaisifu PERT, makampuni yakaikimbilia. Mwaka 1972 mtaalamu Harvey Sapolsky alitoa kitabu juu ya kazi ile, akaonyesha kwamba PERT ilifaa zaidi kuwatuliza watu wa nje wasiingilie kuliko kuiendesha kazi yenyewe. Yaani babu wa programu zetu alikuwa, kwa sehemu kubwa, pazia. Basi tunashangaa nini wajukuu wakifanana na babu yao?

Kwetu sisi pazia hilo lina unene wa ziada, nao ni lugha. Kazi hufanywa kwa Kiswahili, taarifa huandikwa kwa Kiingereza. Fundi husema, “Mzee, nondo hazijafika, na huyu mkandarasi hajawalipa vijana mwezi wa pili huu.” Maneno hayo yakifika kwenye programu yamekwisha kuvalishwa suti: kuna changamoto za ugavi, zinashughulikiwa. Hakuna uongo uliosemwa, lakini nondo zimepotea, na vijana wasiolipwa wamepotea pia. Mpolandi Karol Adamiecki alibuni chati ya kupanga kazi mwaka 1896. Kwa kuwa aliandika kwa Kipolandi na Kirusi, nchi za Magharibi hazikumjua, na chati za namna hiyo zikabeba jina la Mmarekani Henry Gantt hadi leo. Kama mtaalamu mzima alisahaulika kwa sababu ya lugha, fundi wa Tanga atasikika vipi?

Kuna watakaosema hayo ni makaratasi tu, hayamdhuru mtu. Nitawajibu kwa niliyoyashuhudia. Katika kampuni yetu palikuwa na binti mpangaji, mwenye miaka miwili kazini, aliyeandika nyekundu juu ya ujenzi wa ghala moja kwa sababu vyuma vya paa vilikuwa havijapakiwa hata melini. Mkuu wa kitengo alimwita. “Binti, hapa hatupeleki taarifa za kumtia mkubwa homa.” Akajibu, “Sawa mzee, lakini vyuma havipo.” Rangi ilibadilishwa na mkono mwingine ikawa manjano, na ilipopanda ghorofa ya juu ikawa kijani. Nilipinga kikaoni, nikaambiwa programu imekwisha kufungwa kwa mwezi ule. Vibarua walioitwa kwa tarehe ile ya kijani walikuja, wakakaa langoni siku tatu, wakarudishwa bila nauli. Vyuma vilifika miezi saba baadaye. Binti alihamishiwa masijala. Mwaka uliofuata kampuni ilinunua programu mpya, na katika waraka wa kuombea fedha ilielezwa kwamba ya zamani ilishindwa kutoa tahadhari mapema. Ilishindwaje, ilhali tahadhari ilitolewa ikafutwa?

Watu wa chini nao wana dawa yao: faili za Excel za siri. Kila meneja ana lake, na humo ndimo mna tarehe za kweli. Programu kubwa hulishwa za mkubwa, faili dogo huendesha kazi. Siwalaumu wote, maana mwenye njaa hupika kwa kuni alizonazo. Lakini jedwali la siri nalo lina hatari zake. Kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba 2020, huko England, wagonjwa 15,841 wa korona hawakuonekana katika hesabu za serikali kwa wakati, kwa sababu majina yalipitishwa katika faili la Excel la muundo wa kizamani lisilopokea zaidi ya mistari 65,536. Yaliyozidi yalikatika kimya kimya, na waliokaa karibu na wagonjwa wale wakachelewa kuonywa. Jedwali halina mdomo wa kusema nimejaa.

Wauzaji wanayo hoja yao, nami nitaieleza kwa haki. Wanasema: programu ni nzuri, ninyi hamkuitumia sawasawa. Upo ukweli humo. Kampuni nyingi hununua leseni chache ili kubana matumizi, kisha taarifa za watu mia huingizwa na karani mmoja asiyewahi kuiona kazi. Kila idara huongeza vidirisha vyake vya kujaza hadi vinafika sitini, na siku toleo jipya linapokuja, nyongeza zote zinavunjika. Hayo ni makosa ya mnunuzi. Lakini muuzaji naye ajibu: ni nani aliyemwahidi mkurugenzi kwamba ataiona kampuni nzima kwa kubofya mara moja? Mkurugenzi akiambiwa hivyo huacha kwenda kuona, na asiyekwenda kuona huoneshwa.

Wengine watasema, basi turudi kwenye daftari. La hasha. Miradi mia haibebeki katika daftari wala katika kichwa cha mtu. Programu ibaki, ifanye inayoyaweza: itunze kumbukumbu, ijumlishe fedha, ikumbushe tarehe. Yale isiyoyaweza tuyafanye wenyewe, nayo si mengi.

Kwanza, miradi ipangwe kwa foleni. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho, wala pasiwe na wawili nafasi moja. Alama zitumike kuanzisha mazungumzo tu. Foleni ikatwe na wakubwa wenyewe, kikaoni, na sababu iandikwe kwa sentensi mbili. Mkubwa asiyeweza kusema mradi gani ni wa 14 na gani wa 15 hajaongoza bado.

Pili, pawe na idadi ya juu ya miradi inayokwenda kwa wakati mmoja, na mhandisi mmoja asishike zaidi ya miwili. Mpya ungoje wa zamani uishe au ufungwe. Kufunga mradi kusiwe msiba. Kampuni nyingi zina sherehe ya kuweka jiwe la msingi, lakini sijaona iliyo na sherehe ya kuokoa fedha kwa kusema hapa tunaishia. Ndiyo maana mikoba imejaa maiti zinazolipiwa mishahara.

Tatu, vidirisha vya kujaza vipunguzwe hadi vile ambavyo uamuzi fulani hutegemea. Kanuni ni rahisi: taja mtu anayeisoma habari hii na anachoamua akishaisoma. Asipopatikana, futa. Na anayejaza awe yule anayeifanya kazi, kwa lugha anayoiota usiku. Hakuna sheria ya kompyuta inayozuia kuandika “nondo hazijafika.”

Nne, tarehe ya awali isifutwe kamwe. Ikae kando ya tarehe ya leo, zote mbili zionekane. Tikitimaji hustawi pale ambapo kila mwezi tarehe husogezwa na kuchelewa kwa jana kufutika. Na kabla ya rangi kuwekwa, liulizwe jambo linaloonekana kwa macho: vyuma vimepakiwa au havijapakiwa? Hati ya meli iko wapi?

Tano, majedwali ya siri yasipigwe marufuku, yaorodheshwe. Kila moja ni shtaka dhidi ya programu kubwa, linaloonyesha pale ambapo haifai. Yakusanywe, yasomwe, yanayofanana yaunganishwe. Ukiyapiga marufuku utabaki na siri ile ile, iliyojificha vizuri zaidi.

La sita ndilo linalozibeba nyingine zote, na kwa hilo Ford wametuachia mfano. Mwaka 2006 Alan Mulally alitoka Boeing kuja kuiongoza kampuni hiyo, ambayo mwaka ule peke yake ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Akaweka kikao cha kila Alhamisi, kila mkubwa akileta chati zake zimetiwa rangi. Mwanzoni zikaja kijani tupu. Akawauliza iweje kampuni inayopoteza mabilioni isiwe na lolote lililoharibika. Hatimaye Mark Fields, aliyesimamia shughuli za Amerika, alileta nyekundu: gari jipya la Edge, lililoundwa Oakville, Kanada, lilikuwa na hitilafu na uzinduzi wake umesimamishwa. Wenzake walimngojea afukuzwe. Mulally akapiga makofi, kisha akauliza nani anaweza kumsaidia. Baada ya hapo chati zikaanza kuwa na rangi za kweli, na Fields mwenyewe akaja kuwa mkuu wa kampuni mwaka 2014.

Tazama vizuri, msomaji: siku ile rangi hazikubadilishwa na mtambo mpya. Mtu mmoja alisema kweli mbele ya mwenye uwezo wa kumwadhibu, na mwenye uwezo akachagua kutomwadhibu. Huo ndio utaratibu wote. Mkurugenzi anayelalamika kwamba programu yake haimwonyeshi hali halisi ajiulize ni lini mara ya mwisho mtu alimletea nyekundu, na mtu huyo yuko wapi leo. Kama yuko masijala, basi asitie sahihi ile hundi ya programu mpya. Ateremke ngazi, amwombe binti wa watu radhi, amrudishe mezani kwake, kisha amsikilize. Itamgharimu dakika kumi na haya kidogo, na hakuna leseni ya kununua.